Fayawoli ya nyumbani imeganda kwenye megahazi 800, powerd haisaidii

Mhasibu_Chumbageni
Jumamosi 14 Juni 2025, saa 4:10 usiku

Wakuu, salaam. Nitaeleza kwa urefu, mnivumilie. Mimi ni mhasibu, na kwangu kitu kisichoandikwa kwenye daftari hakijatokea.

Nina kompyuta ndogo ya mezani, zile za maofisini zenye ukubwa wa kamusi, niliyoinunua Kariakoo mwaka juzi ikiwa imetumika, 280,000/=. Prosesa ni Intel Core i5-6500T, RAM GB 8, na kadi ya pili ya mtandao imechomekwa kwenye tundu la M.2 lililokuwa la Wi-Fi. Nimeweka mfumo wa OPNsense 25.1, nao ndio fayawoli, yaani mlinzi wa mtandao, wa nyumba nzima: faiba inaingilia humo, inatokea humo kwenda kwenye swichi. Suricata, programu inayokagua kila kinachopita kwenye mtandao, nimeiwasha kwa makusudi, maana nashika vitabu vya wateja watatu, na humu ndani kuna vijana wawili wanaopakua kila kinachong'aa.

Kifurushi changu ni Mbps 200. Kila tarehe 1 napima spidi na kuandika:

Februari: 187
Machi: sikupima, ulikuwa mfungo
Aprili: 63
Mei: 61
Juni: 58

Nikizima Suricata inarudi 190 na ushee. Kwa hiyo laini ni nzima, na yule binti wa huduma kwa wateja nimeshampigia tena kumwomba radhi kwa maneno niliyomtolea Mei.

Wiki hii mwanangu wa chuo alinionyesha namna ya kuingia kwenye mashine kutoka kompyuta nyingine kwa SSH na kuiuliza prosesa inakwenda kasi gani:

sysctl dev.cpu.0.freq
dev.cpu.0.freq: 798

Kwenye karatasi ya Intel prosesa hii ni gigahazi 2.5, na ikijikaza inafika 3.1. Yangu ni 798. Nikaweka mzigo, ikasema 801. Usiku wa manane watu wamelala, 797. Haipandi, haishuki, kama saa ya ukutani iliyokwisha betri.

Nilichokwisha kufanya: powerd, programu inayosimamia kasi ya prosesa, nimeiwasha, nimeijaribu kwenye Hiadaptive, kwenye Adaptive na kwenye Maximum, kila mara nawasha upya. Hakuna tofauti. Kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine, nimezima SpeedStep (njia ya Intel ya kupandisha na kushusha kasi), nikaiwasha tena. Hakuna. Nimeifungua nikaipuliza vumbi, na lilitoka la kutosha kuoteshea mchicha. Hakuna.

Swali langu: prosesa imechoka, au kuna mahali nimekosea?

---

kipanga_tz
Jumamosi, saa 4:31 usiku

Shikamoo mzee. Ingia System, Settings, Miscellaneous, washa powerd, chagua Maximum, save, reboot. Ikigoma piga chini OPNsense yote weka upya, dakika 20 tu.

---

Mhasibu_Chumbageni
Jumamosi, saa 4:40 usiku

Marahaba mwanangu. Rudi kwenye aya ya mwisho kabla ya swali, usome polepole.

---

SevaZaArusha
Jumapili 15 Juni, saa 1:15 asubuhi

Mzee wangu, shikamoo. Mimi nasimamia mashine za namna hii kwenye hoteli tatu huku Arusha, na swali la powerd linanijia kila msimu, kwa hiyo tuliondoe njiani kwanza.

OPNsense inakaa juu ya mfumo endeshi uitwao FreeBSD. Zamani powerd ndiyo iliyokuwa ikimwambia prosesa "panda" au "shuka". Lakini kuanzia FreeBSD 13 kuna dereva inaitwa hwpstate_intel, na prosesa za Intel za kizazi cha sita kwenda mbele, kama yako, zinachukuliwa nayo. Huo mtindo Intel wanauita Speed Shift: prosesa inajiamulia kasi yenyewe ndani kwa ndani, haraka kuliko programu yoyote ya nje. powerd ikifika inakuta usukani umeshashikwa. Ndiyo maana Hiadaptive na Maximum kwako ni kitu kimoja. Unapiga honi ya gari ambalo si lako.

Uhakika wa hilo unaupata hivi:

sysctl dev.cpu.0.freq_levels

Ukiona mstari wenye namba moja tu na baada ya mkwaju kuna -1, basi ni Speed Shift. Ukiona orodha ndefu ya kasi, nimekosea na nitakuja kuomba samahani.

Ikiwa ndiyo, kitu pekee unachoweza kuigusia ni upendeleo wake. Inaitwa epp, kutoka 0 hadi 100. Sifuri maana yake "nataka kasi, umeme sijali", mia maana yake "bana matumizi". Inakuja ikiwa 50. Jaribu:

sysctl dev.hwpstate_intel.0.epp=0

Ufanye hivyo kwa 1, 2 na 3 pia, maana una viini vinne. Halafu weka mzigo wa kweli. Usitumie kupima spidi ya intaneti, hiyo ina mambo mengi ndani yake. Andika yes > /dev/null & mara nne, uangalie kasi, kisha killall yes.

Ila sitakuficha: hata kwenye 50 ilipaswa kupanda yenyewe ukiipa kazi. 798 chini ya mzigo inanitia shaka kuwa tatizo haliko kwenye programu.

---

bin_seif_muscat
Jumapili, saa 4:02 asubuhi

Assalaam alaykum jamaa. Hilo ni joto, ndugu yangu, usisumbuke. Mimi hapa Maskati nina kiboksi kisicho na feni, prosesa N100, kilikuwa stoo bila AC. Mwezi wa sita huku nje inaweza kufika 45 na zaidi, ndani ya stoo usiulize. Prosesa ilikuwa inafika digrii 95 inajibana yenyewe. Nikafungua, nikakuta ile grisi kati ya prosesa na kasha la chuma imekauka kama ugoro. Nikaweka mpya, nikaweka na feni ndogo ya USB juu yake, ikashuka mpaka 70. Angalia joto kwanza.

---

Mhasibu_Chumbageni
Jumapili, saa 3:20 usiku

Ahsanteni. Nimerudi na namba.

freq_levels inasema 2496/-1. Kwa hiyo dada wa Arusha uko sawa, na zile reboot zangu sita zote zilikuwa za bure. powerd nimeizima.

epp nimeweka 0 kwa viini vyote vinne. Nikaweka hizo yes nne. Kasi: 799, 800, 798, 800. Nikaacha dakika kumi nikaenda kunywa chai. Nikarudi, 799.

Bin Seif, waalaykum salaam. Joto nimelisoma kwa sysctl dev.cpu.0.temperature. Bila kazi ni 39. Baada ya zile dakika kumi za mzigo ni 44. Chumba chenyewe kina digrii 30, kipo karibu na dirisha la kusini. Grisi nilibadilisha mwaka jana. Sasa 44 ni joto au si joto? Mimi naona hata mwili wangu una karibu 37.

---

SevaZaArusha
Jumapili, saa 3:48 usiku

Digrii 44 viini vyote vikiwa kazini?! Hiyo namba ndiyo inayotueleza. Prosesa ya watt 35 ikikimbizwa kwelikweli ndani ya kiboksi kile, Tanga, ingekuwa inachezea 65 hadi 75. Yako haijachoka hata kidogo. Kuna mtu amemfunga kamba miguuni.

Joto tulitoe kwenye orodha. Namwachia anayejua vyuma kuliko mimi.

---

Fundi_Mwembechai
Jumatatu 16 Juni, saa 12:50 asubuhi

Mzee shikamoo, poleni na kazi. Nina maswali matatu, unijibu kwa kufuata daftari lako.

1. Una kile kimita cha kuchomeka ukutani kinachosoma watt? Inavuta ngapi bila kazi, na ngapi ukiweka mzigo?
2. Kati ya Februari na Aprili kuna kitu chochote ulibadilisha? Chochote, hata waya.
3. Chaja unayotumia ndiyo iliyokuja nayo?

---

Mhasibu_Chumbageni
Jumatatu, saa 2:05 usiku

Marahaba fundi.

La kwanza. Kimita ninacho, niliwahi kukinunua kwa sababu ya inveta. Bila kazi watt 11. Na zile yes nne, watt 15.

La pili na la tatu nimeyajibu kwa pamoja, na yamenitoa jasho. Nimefungua daftari ukurasa wa Machi. Umeandikwa hivi kwa mkono wangu mwenyewe:

"Ijumaa 14 Machi. Umeme ulikatika wakati wa futari, ukarudi kwa kishindo. Chaja ya fayawoli imekufa, inanuka. Inveta salama. Jumamosi 15 Machi. Chaja mpya, duka la mjini, 25,000/=. Muuzaji kasema ni sawasawa na ya zamani, volti 19.5, watt 65."

Sasa subirini. Chini yake kuna mstari mwingine ambao nilikuwa nimeusahau kabisa:

"Mashine inasimama ikiwaka, inataka F1. Nimezima onyo kwenye BIOS."

Nikakumbuka. Nilipochomeka ile chaja, mashine ilikuwa haiwaki moja kwa moja. Inaleta maandishi kwenye skrini kwamba haiitambui chaja, bonyeza F1 kuendelea. Umeme wetu unakatika hata saa nane za usiku, nani ataamka kwenda kubonyeza F1 kwenye kompyuta isiyo na kibodi? Nikaingia BIOS, nikakuta kitufe cha kuzima maonyo ya chaja, nikakizima. Nikajiona hodari.

Fundi, usiniambie.

---

Fundi_Mwembechai
Jumatatu, saa 2:22 usiku

Nakuambia 😂

Mzee, watt 11 kwenda 15 viini vinne vikifanya kazi, hiyo ni prosesa iliyokatazwa. Ilitakiwa irukie 40 na zaidi pale ukutani.

Angalia ncha ya chaja. Kwa mashine za aina yako kuna pini nyembamba katikati. Ile pini haipitishi umeme wa kuendesha mashine. Ndani ya chaja halisi kuna kichipu kidogo, mashine inakiuliza kupitia pini hiyo: wewe ni chaja gani, una watt ngapi? Kikijibu, mambo yanaendelea. Kisipojibu, mashine haijui kama imechomekewa watt 65 au 30, kwa hiyo inachagua usalama: inaibana prosesa kwenye kasi yake ya chini kabisa ili isivute umeme mwingi ikaunguza chaja. Kwa yako kasi hiyo ni megahazi 800.

Kubana kwenyewe kunafanyika kwa waya. Prosesa za Intel zina pini inaitwa PROCHOT. Prosesa ikichemka inaitumia kuwaambia wengine "nimeungua". Lakini pini hiyohiyo bodi nayo inaweza kuivuta kutoka nje, na ikivutwa prosesa inatii bila kuuliza sababu. FreeBSD haina habari, powerd haina habari, epp yako ya sifuri inasikilizwa kama maombi ya mtu aliye nje ya geti. Ndiyo maana unaona joto 44 na bado imejibana: haikujibana kwa joto, imeshikwa.

Chaja nyingi za kuigiza zina volti sawa na watt sawa, ila kichipu hakimo, au kimo cha uongo. Wakati mwingine chaja ni halisi lakini pini imepinda au waya wake mwembamba umekatika ndani pale kwenye kona, dalili ni zilezile. Laptopu ndizo zinazoniletea sana ugonjwa huu. Mtu anakuja "fundi, laptopu imekuwa nzito, niwekee Windows mpya", wengine wameshawekewa mara tatu na kulipa mara tatu. Naangalia pini ya chaja kabla sijawasha mashine.

Kama kuna mtu hapo nyumbani ana laptopu ya kampuni hiyohiyo yenye ncha inayolingana, azima chaja yake dakika tano. Zima mashine kabisa, chomoa, chomeka hiyo, washa.

---

kipanga_tz
Jumatatu, saa 2:30 usiku

Mzee nafuta ushauri wangu wa kupiga chini OPNsense 🙏

---

Mhasibu_Chumbageni
Jumanne 17 Juni, saa 3:00 usiku

Mwanangu wa chuo ana laptopu ya kampuni hiyo. Chaja yake ni watt 65, imeandikwa vilevile, ncha ni ileile yenye pini. Niliziweka mbili juu ya meza chini ya taa, nikavaa miwani. Ya mtoto, pini iko katikati sawasawa, nyembamba kama sindano ya kushonea. Yangu ya 25,000/= pini ipo pia! Imenyooka. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, isipokuwa yangu ni nyepesi mkononi. Nikazipima kwenye mizani ya jikoni ya mama watoto: ya mtoto gramu 290, yangu 170.

Nikazima, nikachomeka ya mtoto. Nilipowasha, kabla ya kitu kingine nikaenda BIOS kurudisha lile onyo nililolizima, ili niwe na shahidi. Ikawaka bila kuuliza F1.

sysctl dev.cpu.0.freq
dev.cpu.0.freq: 2795

Hapo ni kwa zile yes nne. Feni ambayo sikuwahi kuisikia tangu Machi ikaanza kuimba. Kimita ukutani: watt 43. Joto likapanda mpaka 68 likatulia. Nikaondoa mzigo, nikawasha Suricata, nikapima spidi: 186.

Nikarudisha yangu kwa ajili ya haki. Mashine ikasimama: haitambui chaja, bonyeza F1. Nikabonyeza. 798.

Dada wa Arusha, openssl speed -evp aes-256-gcm, kipimo cha kasi ya kusimba data, nayo niliifanya kwa chaja zote mbili, mwanangu aliniambia ndiyo kipimo kizuri cha VPN. Tofauti ni karibu mara nne.

Nimebaki na swali moja. Mtoto anataka chaja yake arudi nayo chuo Jumapili, hilo nitalimaliza dukani. Swali ni umeme. Sasa mashine iko huru, si itanilia betri ya inveta? Ikikatika usiku nategemea saa sita.

---

SevaZaArusha
Jumatano 18 Juni, saa 1:40 asubuhi

Hongera mzee, na fundi hongera zaidi.

Umeme usikutishe. Watt 43 ni pale ulipoiadhibu kwa makusudi. Fayawoli ya nyumbani muda mwingi inasubiri tu, na prosesa yenye kasi inamaliza kipande cha kazi haraka inarudi kulala, wakati ile ya 800 ilikuwa inakokota kazi hiyohiyo bila kupumzika. Fanya mambo mawili.

Rudisha epp. Sifuri haina faida kwako. Weka 60 au 70.

Halafu ruhusu prosesa ilale usingizi mzito. Soma sysctl dev.cpu.0.cx_supported uone viwango vya usingizi ilivyonavyo, kisha weka hw.acpi.cpu.cx_lowest=Cmax. Baada ya saa moja soma dev.cpu.0.cx_usage, itakuambia kwa asilimia imelala kiwango gani.

Ukiridhika, yaandike kwenye System, Settings, Tunables. Ulichokiandika kwa sysctl peke yake kinafutika ukiwasha upya, na wewe kwa ule umeme wenu wa saa nane utakipoteza wiki hiihii. Usiku ukiona mtandao unasitasita, rudisha kiwango cha usingizi cha C2, baadhi ya kadi za mtandao hazipendi prosesa inayolala sana.

---

Mhasibu_Chumbageni
Jumapili 22 Juni, saa 2:15 usiku

Taarifa ya mwisho, kisha msimamizi anaweza kufunga.

epp 65, Cmax, zote ziko kwenye Tunables. cx_usage inasema imelala kiwango cha chini kabisa kwa asilimia 91 ya muda. Bila kazi sasa inavuta watt 9, ilikuwa 11. Watt mbili kwa mwezi ni kama uniti moja na nusu, shilingi mia tano na ushee kwa bei ya LUKU yangu. Nimeziandika.

Chaja nimepata halisi iliyotumika, 45,000/=, kwa kijana wa laptopu aliyekubali niipime palepale dukani kwenye mashine yangu niliyoibeba kwenye kikapu. Onyo la BIOS nimeliacha likiwaka. Mama watoto amesema likija usiku yeye haamki.

Lile duka la kwanza nilirudi Ijumaa na chaja yao na risiti. Muuzaji akaichomeka kwenye mita yake, akanionyesha: 19.5. "Mzee, si inatoa umeme?" Nikamwambia inatoa. "Na mashine si inawaka?" Nikamwambia inawaka. Akanirudishia chaja. Nikaanza kumweleza habari za kichipu na pini ya katikati, akaingia mteja wa kava la simu.

Bin Seif, hiyo grisi yako iliyokauka kama ugoro imenichekesha wiki nzima. Fundi, ukifika Tanga kuna samaki hapa.